Mshahara Ndio Mtaji wa Mwandishi

Askari magereza wa Luzira jijini Kampala, fundi wa kiwanda cha bia na karani wa bandari ya Port Bell wana kitu ambacho waandishi wengi hawana: mshahara wa kila mwezi. Anayetaka kuandika kitabu na kukichapisha mwenyewe asiuone kuwa pingu. Ndio mtaji wake, na unamwondolea haraka. Mwandishi Shaaban Robert alikuwa mtumishi wa forodha Tanganyika kuanzia 1926 hadi 1944, na Mwingereza Anthony Trollope aliandika riwaya alfajiri kabla ya kwenda kazini posta.

Muda ni suala la hesabu. Ukurasa wa A5 hubeba maneno kama 300. Ukiandika ukurasa mmoja kwa siku, siku tano kwa wiki, wiki 40 zitakupa kurasa 200. Wiki 12 zinazobaki katika mwaka ni za misiba, homa na zamu za usiku. Teksi ikikwama kwenye foleni ya Bugolobi, jirekodi kwa simu, uandike ukifika nyumbani.

Kabla hujafika mbali, soma mkataba wako wa ajira. Kwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Uganda ya mwaka 2006, haki za kiuchumi za kazi uliyoiandika katika kutekeleza ajira yako huhesabiwa kuwa za mwajiri, isipokuwa mmekubaliana vinginevyo. Kwa hiyo andika nje ya saa za kazi, kwa kompyuta yako. Mtumishi wa serikali akumbuke pia kwamba siri za ofisi si mali yake ya kusimulia.

Mswada ukikamilika, fedha ya kwanza mpe mhariri, si mchapaji. Kosa lililochapwa haliondoki kwa kuongeza nakala. Kisha omba namba ya ISBN kutoka Maktaba ya Taifa ya Uganda. Zile za nchi hii huanza na 978-9970 au 978-9913, na maduka ya vitabu na maktaba hukitambua kitabu kwa namba hiyo.

Ndipo uende Nasser Road, mtaa wa wachapaji wa Kampala. Uliza bei mbili: ya ofseti na ya dijitali. Katika ofseti, gharama kubwa iko kwenye kutengeneza pleti na kuandaa mashine, hivyo nakala zikizidi, bei ya kila moja hushuka. Katika dijitali hakuna pleti. Bei ya nakala haibadiliki sana, ziwe 50 au 300. Karatasi ya A2 ikichapwa pande zote mbili hutoa kurasa 16 za A5, kwa hiyo kitabu cha kurasa 192 au 208 hakiachi karatasi tupu. Kabla ya kulipia zote, dai nakala moja ya majaribio, uisome neno kwa neno.

Kwenye idadi ya nakala ndipo wengi huharibu: huvutiwa na bei nafuu ya nakala 1,000, kisha maboksi yakajaa chini ya kitanda. Bei nafuu ya nakala isiyouzwa ni hasara kamili. Hesabu kwanza watakaonunua kweli: wenzako kazini, waumini wa kanisa au msikiti wako, shule za jirani. Chapa idadi hiyo, uuze, kisha mapato yalipie toleo la pili. Barua ya kuacha kazi isubiri mpaka vitabu vyenyewe vilipe kodi ya nyumba.