Likizo ya Desemba: Watoto Nao Wawe na Sehemu Yao

Kila mwaka ifikapo Desemba, familia nyingi za Wachagga waishio Dar es Salaam na mikoa mingine hufunga safari kwenda nyumbani Kilimanjaro. Shule zimefungwa, Krismasi inakaribia, na babu na bibi wanahesabu siku. Kwa familia nyingi hii ndiyo likizo pekee ya mwaka. Hata hivyo, mara nyingi hupangwa kwa ajili ya watu wazima tu. Baba ana vikao vya ukoo, mama hatoki jikoni, na mtoto anabaki barazani akichezea simu ya shangazi. Wiki mbili zikiisha anarudi mjini bila kujua hata kihamba cha babu yake kinaishia wapi.

Ndugu wazazi, mipango ianze na fedha, tena mapema. Tatizo si Desemba, ni Januari. Ada ilifutwa katika shule za msingi na sekondari za serikali kuanzia mwaka 2016 (hadi kidato cha nne), lakini sare, viatu na madaftari bado ni vya kununua, na wenye watoto katika shule binafsi wanalijua zaidi jambo hili. Mtoto aliyefurahia ndafu Krismasi kisha akaenda shule na viatu vilivyotoboka hakufanyiwa wema. Familia inayotenga shilingi 20,000 kila mwezi kuanzia Machi hadi Novemba itakuwa na 180,000. Huenda zisitoshe safari nzima, lakini zitapunguza kukopa. Tunashauri mahitaji ya shule yanunuliwe kabla ya kuondoka, na tiketi za kurudi zikatwe pamoja na za kwenda. Kamati za parokia zenye vikundi vya kuweka na kukopa zinaweza kuanzisha mfuko wa likizo, unaofunguliwa mwishoni mwa Novemba tu.

Kuhusu usafiri, kateni tiketi katika ofisi ya basi au kwa mfumo wa kielektroniki, si kwa mpiga debe. Nauli elekezi hutangazwa na LATRA, kwa hiyo mkitozwa zaidi mna mahali pa kulalamika. Kila mtoto awe na kiti chake chenye mkanda. Tunajua nauli inauma, lakini mtoto wa miaka 6 kupakatwa kutwa nzima ni mateso kwake na kwa anayempakata, na basi likifunga breki ghafla hana kinga yoyote. Mabasi yaliruhusiwa tena kusafiri usiku mwaka 2023, ila kwa wenye watoto wadogo sisi bado tunapendelea yale ya alfajiri. Iko pia treni ya abiria ya Dar es Salaam hadi Moshi, iliyorejeshwa Desemba 2019 baada ya kusimama kwa zaidi ya miaka 20. Ni ya polepole, lakini watoto huipenda kwa sababu wanaweza kunyoosha miguu. Ulizeni ratiba stesheni mapema.

Mkishafika, kila mtoto achague jambo moja analotaka kufanya, nanyi mlipangie siku yake. Mengi hayana gharama. Mwombeni babu awatembeze wajukuu kihambani, awaonyeshe mfongo unaoleta maji kutoka mlimani na awaeleze zamu za kumwagilia. Awaonyeshe isale, mmea wa mpakani ambao pia hutumika kuomba msamaha. Bibi naye awaweke jikoni wamenye ndizi za mtori. Kazi ndogo kama hiyo, mtoto wa mjini huiona ni mchezo, na ataisimulia mwaka mzima.

Wakitaka kutoka, Marangu kuna maporomoko ya Kinukamori. Ulizeni kiingilio kabla ya kuwaahidi. Watoto wenye umri wa kuelewa wapelekeni Old Moshi, mahali ambapo Mangi Meli alinyongwa na Wajerumani tarehe 2 Machi 1900. Inaaminika kichwa chake kilipelekwa Ujerumani, na ukoo wake umekitafuta kwa miaka mingi. Mtoto aliyesoma habari za ukoloni darasani atakuwa na maswali mengi siku hiyo, nanyi jiandaeni kuyajibu.

Lipo jambo moja ambalo wengi huona aibu kulisema. Desemba nyumba hujaa wageni, na watoto hulazwa popote palipo na nafasi, pengine chumba kimoja na mtu mzima wasiyemfahamu. Tafadhali msikubali, hata kama mgeni huyo ni wa ukoo. Pangeni sehemu za kulala mkiwa bado mjini, kwa simu, mkiongea na bibi wazi wazi. Watoto walale pamoja na wazazi au na mtu mnayemwamini kabisa, na waambiwe kwamba mtu akiwashika isivyofaa waseme, hata akiwa ni mjomba. Namba 116 ya kuwasaidia watoto hupigwa bure.

Yapo na mengine madogo: masweta, kwa kuwa usiku migombani kuna baridi hata Desemba, maji yaliyochemshwa, na mbege isiwe ya watoto, hata ya kuonjeshwa kwa utani. Wanaofanya safari ya upande wa pili, kuwaleta watoto wa mlimani kuona bahari, wabebe vyandarua, kwani watoto wa nyanda za juu hawana mazoea na malaria.

Kwa familia zisizoweza kusafiri mbali mwaka huu, walioko Dar es Salaam wanaweza kwenda Bagamoyo na kurudi siku hiyo hiyo. Ipo misheni ya Kikatoliki iliyoanzishwa mwaka 1868 pamoja na makumbusho yake, yapo magofu ya Kaole, na ipo bahari. Bebeni chakula kutoka nyumbani, na mtoke asubuhi kabla jua halijawa kali.