Ua la Nyanya Linavyogeuka Tunda

Mnyanya hutoa maua ya njano kwenye vichala, kila kichala kikibeba kwa kawaida maua 4 hadi 12, na yaliyo karibu na shina hutangulia kuchanua. Kila ua lina viungo vya kiume na vya kike, hivyo hata mnyanya uliosimama peke yake huweza kuzaa. Katikati ya petali, vichavulio vimeshikana vikaunda koni iliyochongoka inayoizunguka stigma. Hupasuka kwa upande wa ndani, na chavua humwagika ua linapotikisika.

Shambani, upepo hutosha kwa kazi hiyo. Nyuki wakubwa weusi wanaotoboa mbao huifanya vizuri zaidi: hulishika ua na kutetemesha misuli ya mbawa bila kuruka, chavua ikawamwagikia tumboni. Nyuki wa asali hawana uwezo huo. Ndani ya kitalu nyumba, ambamo upepo ni hafifu, wakulima hugongagonga kamba zinazoshikilia mimea, hasa asubuhi umande ukishakauka.

Punje ya chavua ikitua kwenye stigma huota mrija mwembamba unaoteremka hadi kwenye ovari na kurutubisha ovuli. Mbegu changa hutoa homoni zinazoikuza ovari. Petali hunyauka na kijitunda cha kijani hujitokeza. Ua lisilorutubishwa hukatika kwenye kifundo kilichopo kwenye kikonyo chake.

Mara nyingi kinachoangusha maua ni joto. Usiku wa nyuzi 15 hadi 20 za Selsiasi ndio unaofaa zaidi. Mchana ukizidi nyuzi 32, au usiku ukibaki juu ya 21 kwa siku kadhaa, chavua ya aina nyingi hudhoofika. Baridi ya usiku iliyo chini ya nyuzi 13 nayo huidhuru. Kwa hiyo Januari na Februari, usiku wa Dar es Salaam unapokaribia nyuzi 25, minyanya hupukutisha maua, ilhali milimani Lushoto huendelea kushika matunda. Naitrojeni ikizidi, mmea hujaa majani na kuzaa kidogo.

Tunda lililoshika hukua kwa wiki 5 hadi 6. Likikomaa hutoa gesi ya ethilini, klorofili ikavunjika na likopeni, yenye rangi nyekundu, ikajengeka. Joto likipita nyuzi 30, likopeni hupungua na nyanya huiva ikiwa na rangi ya machungwa. Tangu ua kuchanua hadi nyanya kuiva hupita siku 45 hadi 60, kutegemea aina na hali ya hewa.