Programu ni ya bure, ila fundi je?

Mashine ya kusaga mahindi ikikwama pale Sumbawanga, mwenye mashine ana njia mbili. Anaweza kumwita jirani anayezijua injini, au kumpigia fundi ambaye ana mkataba naye. Jirani huenda anajua kuliko fundi, na hatadai kitu. Ila mvua za Novemba zikianza, jirani naye yuko shambani kwake.

Programu huria ziko hivyohivyo. Hizi ni programu ambazo msimbo wake uko wazi: yeyote anaruhusiwa kuusoma, kuubadilisha na kuusambaza. Mfano ulio karibu nasi ni DHIS2. Takwimu za MTUHA kutoka zahanati za Ufipa, kama vile kina mama waliojifungua, watoto waliochanjwa na wagonjwa wa malaria, huingizwa humo ili zisomeke hadi wizarani. Mizizi yake iko Afrika Kusini ya miaka ya 1990, na leo inaendelezwa na Chuo Kikuu cha Oslo, Norway. Kufikia mwaka 2013 Tanzania ilikuwa imeieneza nchi nzima. Leseni yake hailipiwi hata senti.

Sasa ikigoma?

Njia ya kwanza ni msaada wa jamii, yaani watumiaji na watengenezaji wenyewe. Unaeleza tatizo, toleo unalotumia na ulichokwisha kujaribu, na mtu wa India au Msumbiji aliyekutana nalo anakujibu. Jibu linabaki pale, limfae na mwingine. Lakini hakuna anayewajibika kukujibu leo. Tena, kuna mambo huwezi kuyaanika: taarifa za mgonjwa si za kuonyesha watu usiowajua, hata kama wana nia njema.

Njia ya pili ni kulipia. Red Hat, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1993, ilikua kwa kuuza huduma juu ya Linux, ambayo yeyote anaweza kuipata bure. Mwaka 2019 IBM iliinunua kwa dola bilioni 34 hivi. Wateja wake hulipia uhakika: marekebisho ya usalama yanayofika kwa wakati, na mtu wa kumuuliza. Hapo soma mkataba vizuri. "Tutajibu ndani ya saa nne" maana yake ni kwamba watapokea tatizo lako na kuanza kulishughulikia, si kwamba litakuwa limekwisha. Na kama mtandao umekatika au seva imeungua kwa sababu ya umeme, mtaalamu aliye Ulaya hawezi kufanya mengi.

Kwa DHIS2, Tanzania imepita katikati. Kwa miaka mingi watafiti na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wameshirikiana na wizara kuirekebisha ifae mazingira yetu na kufundisha watumiaji. Hawa ni wanajamii wa programu hiyo, lakini kazi yao inahitaji bajeti. Kwa kuwa msimbo uko wazi, ujuzi wa ndani unawezekana bila kuomba ruhusa ya kampuni. Kwa mfumo uliofungwa, fundi ni mmoja tu, na bei anapanga yeye.

Kwa hiyo, swali la "jamii au kulipia?" peke yake halitoshi. Kabla taasisi yako haijafunga programu huria, uliza: ikigoma usiku, nani atapigiwa simu? Nakala rudufu iko wapi, na kuna aliyewahi kujaribu kuirejesha? Mradi wa wafadhili ukiisha, mshahara wa huyo fundi utatoka wapi?

Nauliza hivi kwa sababu pengo kwenye jedwali la takwimu halijielezi. Ripoti ya zahanati isipofika, aliye mbali hawezi kujua kama mwezi huo hakukuwa na wagonjwa au mfumo uligoma. Na mipango itapangwa kwa kutazama jedwali hilohilo.