Balozi Akivua Koti la Serikali

Kishore Mahbubani alisoma falsafa, akahitimu mwaka 1971 na kuingia Wizara ya Mambo ya Nje ya Singapore, nchi iliyokuwa na umri wa miaka 6 tu. Mwaka 1973 alitumwa Phnom Penh, Kambodia, kuongoza ubalozi, kijana mdogo, huku makombora ya waasi wa Khmer Rouge yakiangukia mji. Wengine tuliosoma falsafa tuliishia kusahihisha madaftari.

Baadaye aliiwakilisha nchi yake Umoja wa Mataifa mara mbili. Singapore ilipopata nafasi Baraza la Usalama, yeye ndiye aliyekuwa rais wa Baraza, Januari 2001 na tena Mei 2002. Usidhani urais huo una amri kubwa: ni zamu ya mwezi mmoja, hupokezanwa kwa kufuata alfabeti ya Kiingereza. Na balozi akiisemea nchi yake, neno zito huwa limeshapita wizarani. Hulipwa kwa kujua mengi na kusema aliyotumwa.

Mwaka 2004 akawa mkuu wa kwanza wa Shule ya Sera za Umma ya Lee Kuan Yew, katika Chuo Kikuu cha Taifa cha Singapore. Akaandika vitabu mfululizo, akiwaambia Wamarekani na Wazungu kwamba zama zao za kutamba peke yao zimekwisha. Nyumbani hilo halikumletea ugomvi.

Ugomvi uliletwa na Qatar. Saudi Arabia na wenzake walipoikatia uhusiano Juni 2017, Mahbubani aliandika gazetini kwamba nchi ndogo lazima iujue udogo wake, na kwamba Singapore, maadamu mwasisi wake Lee Kuan Yew hayupo tena, ijizuie kuyasemea mambo ya wakubwa. Waziri wa sheria, K. Shanmugam, alimpinga hadharani. Bilahari Kausikan, balozi aliyemtangulia Umoja wa Mataifa, alimshukia kwa ukali zaidi: Singapore haikufika ilipo kwa kuinamisha kichwa.

Kwa hoja yenyewe, mimi niko na Bilahari. Nchi ndogo ikizoea kunyamaza, hakuna atakayekumbuka kuiuliza. Lakini Mahbubani angekuwa bado balozi, maoni yale yangeishia kwenye waraka wa siri, na mwananchi wa kawaida asingewasikia wanadiplomasia wake wakibishana juu ya usalama wake. Bilahari naye alikuja kuwa mwenyekiti wa Taasisi ya Mashariki ya Kati, katika chuo kikuu hicho hicho.