Mpunga na Kambamiti katika Delta ya Rufiji

Je, umepata kufika Nyamisati, katika Wilaya ya Kibiti? Hapo wasafiri hupanda vyombo kwenda kisiwa cha Mafia. Kabla ya kufika bahari kuu, chombo hupita kati ya miti iliyosimama katika tope, mizizi yake imeinuka kama miguu ya buibui. Miti hiyo ni mikoko. Hapa Mto Rufiji hugawanyika mikono mingi kabla ya kuingia baharini, na nchi tambarare iliyojengwa na udongo wa mto huo huitwa delta. Mikoko ya delta hii imeenea katika hektari zipatazo 50,000.

Kambamiti hutaga mayai baharini. Watoto wao, wadogo mno, huchukuliwa na maji yanayojaa hadi ndani ya mikoko. Majani ya mikoko huanguka na kuoza. Hicho ndicho chanzo cha chakula chao. Mizizi huwaficha wasiliwe na samaki wakubwa. Wakiisha kukua hurudi baharini, na huko mvuvi huwangojea na wavu wake. Basi, mvuvi ambaye hajakata hata mti mmoja anaweza kukosa kambamiti kwa sababu msitu umekatwa mbali naye.

Ni nani aukataye? Mara nyingi ni mkulima wa mpunga. Wakati wa masika maji baridi ya mto huwa mengi. Huyasukuma nyuma maji ya chumvi na kuuosha udongo, hata mpunga ukaweza kuota palipokuwa na mikoko. Miaka ya mwanzo mavuno huwa mema. Kisha magugu huzidi, na kaa hukata miche michanga. Mkulima huliacha shamba na kufyeka msitu mwingine. Usiharakishe kumlaumu, kwa maana watoto wake wanahitaji kula leo. Lakini msitu una mwisho, na kila shamba jipya hupunguza makao ya kambamiti.

Jambo hili haliko Rufiji peke yake. Katika nchi za Thailand na Ecuador mikoko mingi ilikatwa ili kuchimba mabwawa ya kufugia kambamiti. Katika miaka ya 1990 ulikuwapo mpango wa kuchimba mabwawa makubwa kama hayo katika delta ya Rufiji. Wanavijiji wengi waliupinga, na mabwawa hayakuchimbwa.

Je, mkulima afanye nini? Anaweza kuotesha mbegu kitaluni na kuhamishia shambani miche iliyokwisha kupata nguvu, ambayo haishindwi upesi na magugu. Hivyo shamba la zamani huendelea kutoa chakula. Kazi hii ni ngumu na huhitaji mikono mingi. Ndiyo sababu wakulima husaidiana.

Jaribio

Chukua makopo mawili yenye udongo. Panda punje 10 za mpunga katika kila kopo. Kopo la kwanza limwagilie maji baridi. La pili limwagilie maji yaliyotiwa chumvi, kijiko kimoja cha chai kwa kila kikombe. Yatazame kila siku kwa muda wa majuma mawili, na uandike katika daftari idadi ya punje zilizoota katika kila kopo. Kisha eleza: ikiwa mvua za masika ni chache, shamba la mpunga lililo karibu na bahari litapatwa na nini?