Je, Wajua? Bakteria Sugu na Alama Wanazoacha

Je, wajua kwamba bakteria walikuwa sugu kabla dawa haijagunduliwa? Mwaka 1915 askari wa Uingereza alifariki Ufaransa kwa kuhara damu. Bakteria waliomuua, Shigella flexneri, walihifadhiwa. Wataalamu walipowapima karibu miaka mia baadaye, penisilini haikuwafanya lolote. Mwanasayansi Fleming aliigundua penisilini mwaka 1928!

Je, wajua kwamba jenomu, yaani DNA yote, ya bakteria wa homa ya matumbo ina herufi takriban milioni 4.8? Herufi chache zinazotofautiana hutosha kuonyesha nani ndugu wa nani. Mwaka 2015, sampuli 1,832 kutoka nchi 63 zilifichua kwamba ukoo sugu uitwao H58 ulitokea Asia Kusini na kuingia Afrika Mashariki, yote hayo ndani ya miaka 30 hivi.

Je, wajua kwamba jenomu iliwahi kuwaumbua bakteria hospitalini? Juni 2011, mgonjwa mwenye bakteria sugu aina ya Klebsiella alilazwa katika hospitali ya utafiti ya NIH, taasisi za taifa za afya za Marekani. Alitengwa, akahudumiwa kwa tahadhari zote, akaruhusiwa kurudi nyumbani. Wiki tatu baadaye mgonjwa wa pili akagundulika. Je, walikuwa bakteria wengine? Jenomu ilisema hapana: ni walewale, na walimtoka mgonjwa wa kwanza zaidi ya mara moja. Walikutwa hata kwenye mashine ya kupumulia iliyokwisha kusafishwa kwa dawa. Wagonjwa 18 waliambukizwa. 11 walifariki, 6 kati yao kwa sababu ya bakteria hao.

Je, wajua kwamba bakteria hupeana usugu hata kama hawana undugu? Hupitisha plasmidi, kipande kidogo cha DNA chenye umbo la duara. Novemba 2015 watafiti wa China walitangaza jeni mcr-1, inayobebwa na plasmidi na kuishinda kolistini, dawa ya akiba kabisa. Watafiti wa Denmark hawakwenda kuchukua sampuli mpya. Walipekua jenomu walizokwisha kuzihifadhi kwenye kompyuta, na wiki chache tu baadaye wakaikuta: kwa mgonjwa mmoja, na kwenye nyama ya kuku ya miaka ya 2012 hadi 2014 iliyotoka nje ya nchi. Jeni ilikuwa imeshasafiri kabla ya kupewa jina.

Je, wajua kwamba mashine iitwayo GeneXpert husoma makohozi na, kabla ya saa mbili kwisha, hutaja kama una kifua kikuu na kama kimekuwa sugu kwa dawa ya rifampisini? Kuotesha vimelea maabara huchukua wiki kadhaa.

Je, wajua kwamba maji taka nayo husomwa? Utafiti uliochapishwa mwaka 2019 ulipima maji taka ya miji 74 katika nchi 60. Wingi wa jeni za usugu uliendana sana na hali ya maisha na usafi wa mazingira, kuliko hata kiasi cha dawa kinachotumiwa. Kwa hiyo vita hii si ya daktari na mfamasia peke yao; fundi wa mabomba na mchimba vyoo nao wahesabiwe.