Mufupa unaoota juu ya nyuzi: muguu wa mwenzetu uungojee?

Mwezi uliopita mwenzetu mumoja, mutu wa kutoboa mawe chini ya udongo, alinifuata nyumbani na radiografi yake mukononi. Jiwe lilimuangukia, mufupa wa muundi ukapasuka, waganga wakatosha vipande vilivyooza. Sasa mule ndani kuko pengo ya vidole vitatu. Mutoto wake alisoma mu telefone kama mufupa inaoteshwa mu laboratwari. Akaniuliza: "Delege, ningoje ile, ao nikubali banipasue tena?"

Ile kitu iko kweli. Mufupa hapana jiwe tu. Ndani kuko nyuzi za kolajeni, na chokaa inashika juu yake sawa vile beto inashika juu ya vyuma. Basi wanasayansi wanafuma vyuma kwanza: nyuzi za polimere, jamaa ya plastike. Wanaiyeyusha, wanaipitisha mu sindano, wanatia umeme wa volti 10.000 mpaka 30.000 (nyumba yako inapata 220, siku umeme unakuwa). Uzi unaruka, unakuwa mwembamba kupita unywele mara nyingi, unajilaza sawa pamba. Anton Formhals alipata brevet ya namna hiyo Marekani tangu 1934, wakati ule kwa kazi ya nyuzi tu. Leo wanapanda humo selile za uboho, ile laini ya ndani ya mufupa, wanazichunga mu joto la digri 37. Kisha majuma, selile zinaanza kuweka chokaa. Polimere yenyewe inapotea polepole, sawa uzi wa kushonea kidonda ambao hautoshwi.

Shida ni pumzi. Selile ikiwa mbali na mushipa wa damu, hata nusu milimita tu, inakufa. Sisi wa chini tunajua: galeri bila hewa, mutu haingie. Juu ya hiyo kipande cha laboratwari kinabaki kidogo na laini, na muundi unabeba mwili muzima.

Nilimujibu: usingoje. Kuko njia za leo. Ilizarov, kule Kurgan mu Siberia, alifundisha kukata mufupa na kuuvuta milimita 1 kila siku, mufupa mupya unajaza nyuma. Masquelet, munganga wa Ufaransa, anaweka simenti mu pengo. Mwili unaifunga na ngozi nyembamba. Kisha majuma 6 ao 8 wanatosha simenti, wanajaza mufupa wa kiuno cha mugonjwa mwenyewe. Inaomba munganga wa kupasua mwenye kujua, lopitali safi, na mushahara kwa miezi mingi.

Ni hapo tunagombana. Kampuni yake ilimuletea karatasi: feza kidogo, kazi imekwisha, atie sinyature. Karatasi iko kwangu, haina sinyature. Siku ya ine tunaenda naye kwa munganga wa mifupa. Sigara ameacha, juu walimuambia moshi inachelewesha mufupa kushikana.